Rangi na Mpangilio wa Sahani: Somo la Kupiga Picha za Chakula kwa Wauzaji Wadogo

Muuzaji wa chakula katika Kaunti ya Mombasa siku hizi ana wateja wa aina mbili. Kuna yule anayepita mbele ya kibanda, akasikia harufu ya viazi karai na kusimama mwenyewe. Na kuna yule aliye ofisini Nyali au nyumbani Bamburi, anayepekua simu saa tano na nusu akiamua atakula nini mchana. Huyu wa pili hana harufu wala hawezi kuonja. Alicho nacho ni picha tu, na huitazama kwa muda mfupi mno kabla ya kidole chake kusogea kwa muuzaji mwingine.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mama au kijana anayepika nyumbani na kuuza kwa WhatsApp, kwa mwenye kibanda, na kwa mwenye hoteli ndogo ambaye hana fedha za kumwita mpiga picha. Hakuna kifaa cha kununua. Simu uliyo nayo, dirisha, karatasi nyeupe na sahani safi vinatosha kwa karibu kila jambo litakaloelezwa hapa.

Mwangaza kabla ya rangi

Wengi hulaumu kamera ya simu kwa makosa ya mwangaza. Rangi tunayoiona kwenye chakula ni mwangaza uliogonga chakula hicho ukarudi machoni au kwenye kamera. Kwa hivyo, mwangaza ukiwa na rangi yake, chakula nacho huibeba.

Tazama vibanda vyetu. Vingi vimeezekwa turubai la buluu, vingine mabati ya plastiki ya kijani, vingine vimekaa chini ya mwavuli mwekundu wa matangazo. Jua likipita kwenye turubai la buluu, kinachofika kwenye sahani ni mwangaza wa buluu kwa wingi. Wali mweupe hugeuka kijivu, mchuzi wa nyanya hupoa rangi ukaonekana kama wa jana, na nyama huwa na weusi unaomfanya mteja asite. Chini ya mabati ya kijani ni vibaya zaidi, kwa sababu nyama yenye ukijani hakuna anayeitaka. Muuzaji mwenyewe haoni tatizo, kwa kuwa amekaa hapo tangu alfajiri na macho yake yameshazoea. Jicho la binadamu hujirekebisha. Kamera hujaribu, lakini haifiki mbali.

Dawa yake haina gharama. Beba sahani utoke nayo hadi kwenye kivuli kilicho wazi: barazani, mlangoni, kando ya ukuta mweupe ambapo unaona anga lakini jua halikupigi. Piga picha hapo, kisha rudi kazini. Ukifanya hilo peke yake, bila kusoma sehemu iliyobaki ya makala haya, picha zako zitabadilika.

Saa nazo zina maana yake. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hivyo jua la saa sita mchana hutupiga karibu wima utosini mwaka mzima. Mwangaza huo huacha vivuli vikali chini ya kila kipande cha nyama na madoa meupe juu ya mafuta. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, mwangaza huja kwa ubavu na ni mpole. Siku ya mawingu ni nzuri kuliko zote, ingawa wengi huiona kama siku mbaya ya picha. Ikiwa chakula huiva saa sita na lazima kipigwe picha saa hiyo, mwombe mtu ashike shuka jeupe jepesi kati ya jua na sahani. Nguo hiyo hutawanya mwangaza kama wingu.

Ndani ya nyumba, sogeza meza karibu na dirisha. Weka sahani ili mwangaza uje kutoka ubavuni, au ubavuni na nyuma kidogo, si kutoka mgongoni kwako. Mwangaza wa ubavuni ndio unaoonyesha kwamba mchuzi ni mzito, kwamba ganda la samosa limekauka vizuri, kwamba mkate wa sinia una matundu. Upande wa pili wa sahani, ule wenye kivuli, simamisha karatasi nyeupe au kipande cha kartoni kilichofunikwa karatasi. Itarudisha mwangaza na kulainisha kivuli bila kukiondoa kabisa.

Kisha zima taa ya dari. Mafundi hupima rangi ya mwangaza kwa kipimo cha kelvini: balbu ya manjano huwa kama 2,700, mwangaza wa mchana kama 5,500. Ukivichanganya, nusu ya sahani itakuwa ya manjano na nusu ya buluu, na hakuna kitufe kwenye simu kitakachosawazisha zote mbili kwa pamoja. Wanaouza usiku, na hao ni wengi hasa mwezi wa Ramadhani, ni bora wapige picha za vyakula vyao mchana na kuzihifadhi. Ikibidi kupiga usiku, tumia taa moja tu ya LED nyeupe, iweke ubavuni, na uifunike kwa karatasi nyembamba isiyogusa taa. Flashi ya simu iache. Hupiga chakula usoni, hufuta vivuli vyote na kufanya kila chenye mafuta king'ae kama bati.

Rangi zinazoinuana

Mwaka 1704, Isaac Newton alichapisha kitabu chake kuhusu mwanga, na humo akazipanga rangi kwenye duara. Wachoraji waliokuja baadaye waliendeleza duara hilo na kuona kwamba rangi mbili zinazotazamana zikiwekwa karibu, kila moja huonekana kali zaidi. Nyekundu hutazamana na kijani. Rangi ya machungwa hutazamana na buluu. Manjano hutazamana na zambarau.

Mpishi wa Pwani analijua hili bila kufundishwa. Kachumbari kando ya pilau si kwa ajili ya ladha peke yake. Lakini kwenye picha inafaa kulifanya kwa makusudi, na kila chakula kina mahitaji yake.

Pilau ndiyo mtihani. Ni tamu, ina harufu inayovuka nyua tatu, na kwenye picha ni kilima cha kahawia. Nyama yake ni ya kahawia, viazi vyake ni vya kahawia. Kosa la kawaida ni kuijaza sahani mpaka ukingoni, halafu kuipiga kutoka juu, ikaonekana kama mchanga. Ipakue iwe na kimo kidogo katikati, uitoe nyama na kiazi kimoja juu ili vionekane, kisha weka kachumbari ubavuni: nyekundu ya nyanya, zambarau ya kitunguu, kijani cha dania na pilipili. Kipande cha ndimu kikae karibu. Ikiwa unaiuza pamoja na ndizi, ndizi iingie kwenye picha, maana manjano yake hufanya kazi kubwa. Sahani iwe nyeupe au ya buluu. Pilau kwenye sahani ya kahawia au juu ya meza ya mbao nyeusi hupotea kabisa.

Kitunguu cha kachumbari kina siri yake. Rangi ya kitunguu chekundu hubadilika kwa uchachu. Ukikikamulia ndimu na kukiacha kwa dakika chache, zambarau iliyofifia hugeuka waridi angavu. Kwa hivyo kamulia ndimu kabla ya picha, lakini nyanya zikatwe mwisho, zisije zikatoa maji na kulowesha sahani.

Biriani haina shida ya rangi, ina shida ya ukarimu. Wali wake una nyeupe, manjano na rangi ya machungwa, na muuzaji huufunika wote kwa rojo. Acha nusu ya wali wazi. Rojo likae upande mmoja, kitunguu cha kukaanga kinyunyizwe mpakani.

Kuku wa kupaka, samaki wa kupaka na viazi karai ni vya manjano na machungwa, kwa hivyo buluu ndiyo rafiki yao: sahani ya buluu, au kitambaa cha buluu chini ya sahani nyeupe. Ukwaju na chatne ya pilipili vikae kwenye vibakuli vidogo kando. Mbaazi za nazi na mahamri ni taabu ya namna nyingine, kwa kuwa vyote vimepauka. Hapo kijani cha dania kidogo juu ya mbaazi na sahani yenye rangi iliyokolea huviokoa. Mahamri moja livunjwe katikati ili uwazi wa ndani uonekane. Mteja wa Pwani hutazama uwazi huo kabla ya jambo lingine lolote.

Mboga za majani huharibikia jikoni, si kwenye kamera. Kijani cha mchicha na sukuma wiki hutokana na klorofili, ambayo katikati yake kuna madini ya magnesiamu. Moto wa muda mrefu pamoja na uchachu huyaondoa madini hayo, na jani hugeuka rangi ya kaki. Pika kwa muda mfupi, acha sufuria bila kifuniko dakika za mwanzo ili tindikali za mboga zitoke na mvuke, na nyanya au ndimu iingie mwishoni. Wapo wanaotia magadi ili kijani kibaki. Kweli hubaki, lakini mboga hulainika kupita kiasi na hupoteza baadhi ya vitamini. Kumpa mteja picha nzuri na chakula duni zaidi si biashara.

Sahani, kitambaa na kilicho nyuma

Mwaka 2012, Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walionja kitindamlo kilekile cha stroberi, wengine kwenye sahani nyeupe na wengine kwenye sahani nyeusi. Waliokula kwenye sahani nyeupe walisema ni kitamu zaidi. Huo ulikuwa ulaji halisi, mdomoni. Sembuse picha, ambayo haina kingine ila macho.

Sahani nyeupe isiyo na maua ndiyo ya kuanzia. Zile za melamini zenye waridi jekundu katikati na ukingo wa dhahabu ni nzuri kwa wageni wa sikukuu, lakini kwenye picha hushindana na chakula. Vivyo hivyo leso. Tunaipenda, na inasema wazi kwamba chakula hiki ni cha kwetu, ila ikitandazwa nzima chini ya sahani jicho halijui pa kutua. Ikunje ionekane pembe moja tu. Mkeka wa miyaa usiotiwa rangi unafaa sana. Jani la mgomba lililopanguswa linafaa kwa samaki wa kukaanga na mishikaki, kwa kuwa kijani chake huinua ile rangi ya kahawia iliyoiva.

Kabla ya kubonyeza, tazama kilicho nyuma ya sahani kana kwamba wewe ni afisa wa afya ya umma. Kitambaa kilichochafuka, ndoo isiyo na kifuniko, nzi mmoja ukingoni, kucha ndefu zilizoshika sahani: mteja huviona vyote, na picha hukaa mtandaoni muda mrefu kuliko chakula.

Kupakua kwa ajili ya kamera

Kiasi cha chakula kwenye picha kiwe kile kile unachouza kwa bei uliyoandika. Kinachobadilika ni namna kinavyokaa. Acha ukingo wa sahani ubaki wazi pande zote na uufute kwa kitambaa chenye unyevu. Vitu vya kuhesabika kama samosa, kaimati na mishikaki hukaa vizuri vikiwa vitatu au vitano. Ni mazoea ya wapiga picha, si sheria, na ukiuza samosa kwa jozi basi piga mbili. Moja ikatwe ili nyama ya ndani ionekane.

Fanya haraka. Tui la nazi likipoa huweka utando juu na kupoteza mng'ao. Mchuzi hujitenga na mafuta. Chipsi hulegea. Andaa mahali, mwangaza na simu kwanza, ukitumia sahani tupu kupima, na chakula kije mwisho. Kuna sababu nyingine ya haraka hiyo: chakula kilichopikwa hakifai kukaa kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 kwa zaidi ya saa mbili, kwani hapo ndipo vijidudu huzaliana upesi. Kwa joto letu la Machi, usifike hata huko. Sahani iliyochezewa kwa ajili ya picha isiuzwe.

Pembe ya kamera hufuata umbo la chakula. Sinia, mchuzi bakulini na mlo wenye vitu vingi vidogo hupigwa kutoka juu kabisa. Sahani ya kawaida hupigwa kwa mshazari, kama unavyoiona ukiwa umekaa mezani. Chapati zilizopangwa, juisi kwenye gilasi na keki hupigwa simu ikiwa usawa wa meza.

Kuhusu simu yenyewe hakuna mengi. Futa lenzi kwa kitambaa safi, maana ya mpishi daima ina mafuta. Gusa chakula kwenye kioo ili simu ilenge hapo, kisha ushushe mwangaza kidogo ikiwa wali umekuwa mweupe kupita kiasi. Usikaribie sana, kwa sababu sahani huvutika ukingoni. Rudi hatua moja na ukate picha baadaye. Unapotuma kwa WhatsApp chagua ubora wa juu, la sivyo programu huibana picha na kijani cha dania kuwa madoa.

Picha isiyodanganya

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya supu ya Campbell nchini Marekani ilipatikana ikitia gololi za kioo chini ya bakuli wakati wa kutengeneza matangazo, ili mboga zisizame na supu ionekane imejaa. Mamlaka ya biashara ya huko iliingilia kati na mtindo huo ukakomeshwa.

Kenya nayo ina sheria zake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuwa mwenendo usio wa haki. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kutangaza chakula kwa namna inayodanganya. Picha ni tangazo. Kuazima picha ya biriani ya hoteli kubwa na kuiweka kama yako ni udanganyifu hata kama biriani yako ni tamu zaidi.

Filta za simu ndizo zinazoleta mtego mdogo mdogo. Kurekebisha mwangaza ili wali uonekane mweupe kama ulivyo mezani ni sawa. Kuongeza wekundu mpaka nyama ya jana ionekane ya leo si sawa. Kipimo rahisi ni hiki: weka simu kando ya sahani na utazame zote mbili. Zikifanana, tuma. Wanaouza samaki wabichi wazingatie hili zaidi, kwa sababu mnunuzi hukagua jicho lililo angavu na matamvua mekundu, na rangi hizo ndizo filta hubadilisha kwanza. Ukitia rangi kwenye chakula chenyewe, kama kwenye mabuyu au achari, iwe ile iliyoruhusiwa kwa chakula, yenye alama ya KEBS, na kwa kipimo kilichoandikwa.

Jambo la mwisho kisheria ni watu. Picha ya kibanda chenye wateja huvutia, lakini sura ya mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Omba ruhusa, au piga mikono na sahani tu. Kwa watoto, idhini ni ya mzazi au mlezi.

Zoezi

Chagua chakula kimoja unachouza kila siku. Kipakue mara moja kwenye sahani nyeupe na ukipige picha nne za haraka, bila kubadilisha kitu: chini ya turubai au taa unapouzia, kwenye jua, kwenye kivuli kilicho wazi, na kando ya dirisha ukiwa umezima taa na kuweka karatasi nyeupe upande wa pili. Zitazame kwa pamoja kwenye simu ya mtu mwingine, si yako, kwa kuwa vioo vya simu havifanani. Siku ya pili rudia mahali palipotoa picha bora, safari hii ukibadilisha sahani au kitambaa tu. Siku ya tatu tuma picha mpya kwa wateja wako wa kawaida bila kusema lolote, ukiandika bei, kiasi na mahali ulipo chini ya picha na si juu ya chakula, kisha uhesabu wangapi wameuliza ikilinganishwa na siku kama hiyo wiki iliyopita.